Poti ya Swichi Inapojifunga Yenyewe: Sababu, Dalili na Namna ya Kuifungua

Wakazi wengi wa Kaunti ya Kakamega wamewahi kuambiwa hivi kwenye dirisha la huduma: "Mama, sistimu iko chini, ngoja kidogo." Kidogo hicho chaweza kuwa dakika kumi au siku nzima. Mgonjwa aliyekuja kwa bodaboda kutoka pembe za Shinyalu huketi kwenye benchi hadi jua la saa saba. Mwenye duka aliyefuata kibali chake hurudi nyumbani mikono mitupu, na kesho hulipa nauli tena. Lawama huenda kwa kampuni ya intaneti, kwa mvua au kwa karani aliyeko dirishani. Hata hivyo, ipo hitilafu moja ya kawaida isiyohusiana na hao wote. Ni tundu moja la swichi ya mtandao, lile ambalo mafundi huliita poti, ambalo limejifunga lenyewe. Likifunguliwa hujifunga tena.

Makala haya yanaeleza kwa nini poti hujifunga, jinsi fundi anavyotafuta chanzo, na mambo ambayo asiye fundi anaweza kufanya au anapaswa kuyaacha. Yatawafaa wahudumu wa zahanati, makarani wa ofisi za wadi, walimu wenye maabara ya kompyuta, wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya kaunti na wenye saiba. Tangu huduma za afya na vyuo vya ufundi vya vijijini viwekwe mikononi mwa kaunti chini ya Katiba ya 2010, mitandao ya ndani ya majengo hayo ni mali ya umma. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,867,579 katika kaunti hii. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, mgonjwa husajiliwa na kuthibitishwa kwa mtandao, kwa hiyo waya wa mita tatu chini ya meza ya mapokezi unaweza kuamua kama mtu atahudumiwa leo au la.

Swichi si ruta

Neno swichi huwakumbusha wengi kitufe cha ukutani cha kuwashia taa. Swichi ya mtandao ni sanduku bapa, mara nyingi la chuma, lenye poti 8, 24 au 48. Kompyuta, printa, simu za mezani na kamera za jengo huunganishwa hapo kwa nyaya. Ruta ndiyo huitoa ofisi nje kwenda kwenye intaneti. Swichi kazi yake ni kuwaunganisha walio ndani: faili la mgonjwa likitoka mapokezi kwenda kwenye duka la dawa la kituo, hupitia kwenye swichi.

Swichi ndogo za bei nafuu, zile za poti tano au nane zinazouzwa madukani, hupitisha kila kinachokuja bila kuuliza. Swichi za ofisi kubwa ni za kusimamiwa. Fundi huingia ndani yake kwa nywila, huipa masharti, na kila poti hulindwa kwa masharti hayo. Sharti likivunjwa, swichi huifunga poti husika ili zile nyingine ziendelee na kazi. Katika swichi za Cisco hali hiyo huandikwa err-disabled. Watengenezaji wengine wana majina yao, lakini maana haibadiliki sana.

Poti ya namna hiyo haijafa. Ni kama breka ya umeme nyumbani inayoruka pasi mbovu inapochomekwa. Anayeirudisha breka bila kuichomoa pasi ataiona ikiruka tena. Hapo ndipo wengi hukosea: poti hufunguliwa mara kumi kwa wiki, na hakuna anayeuliza ilijifunga kwa nini.

Kuitambua hitilafu hii si vigumu. Mnamo Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ikawa nzito Afrika Mashariki nzima. Siku hiyo kila mtu alilalamika, kuanzia mwenye simu hadi benki. Poti ikijifunga, anayelalamika ni meza moja. Kompyuta ya jirani inafanya kazi, simu zinashika mtandao, lakini kompyuta ya mapokezi inasema waya haujaunganishwa, ilhali waya unaonekana umechomekwa. Ukienda kwenye kabati la vifaa, taa ya poti hiyo imezimika au imegeuka rangi ya chungwa huku majirani zake wakipepesa kijani.

Kitanzi

Sababu inayostahili kuelezwa kwa kirefu ni kitanzi, yaani waya unaotoka kwenye swichi na kurudi kwenye swichi hiyohiyo.

Kitanzi huzaliwa kwa urahisi wa kushangaza. Ofisi imepakwa rangi, meza zimehamishwa, na mtu anaona waya unaning'inia. Kwa nia njema kabisa anauchomeka kwenye soketi ya ukutani iliyo wazi, bila kujua kwamba ncha ya pili imeshachomekwa kwenye soketi nyingine. Au simu ya mezani yenye matundu mawili, moja la kwenda ukutani na jingine la kwenda kwenye kompyuta, inaunganishwa ukutani kwa matundu yote mawili. Au mtu ameleta swichi ndogo kutoka nyumbani ili kompyuta mbili zitumie soketi moja, kisha ncha mbili za waya mmoja zikaingia humohumo.

Fundi akifika na kuuliza, "Sista, nani amegusa meza hii tangu jana?" jibu la kawaida ni, "Hakuna, fundi. Imefagiliwa tu."

Ili kuelewa hatari yake, ni lazima kujua jinsi swichi inavyotoa matangazo. Kompyuta inayotafuta printa hupaza sauti kwa wote: nani ni printa? Swichi hunakili tangazo hilo na kulitoa kwenye kila poti isipokuwa lile lilikotokea. Kwa kawaida tangazo hufika, printa hujibu, na habari huishia hapo. Palipo na kitanzi, nakala hurudi kwenye swichi kupitia poti nyingine, nayo swichi huiona kama tangazo jipya na kuinakili tena. Pakiti za intaneti zina hesabu ndani yake inayopungua kila zinapopita kwenye ruta, hadi zinatupwa. Fremu za Ethernet, zinazozunguka ndani ya jengo, hazina hesabu hiyo. Tangazo moja laweza kuzunguka hadi mtu achomoe waya. Ni kama uvumi wa sokoni unaomrudia aliyeuanzisha naye akauamini kama habari mpya. Kwa sekunde chache mtandao hujaa nakala za nakala, na hakuna anayesikilizwa.

Dawa ya tatizo hili ni ya mwaka 1985. Mhandisi Radia Perlman, akifanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment Corporation huko Marekani, alibuni itifaki ya Spanning Tree, iliyofanywa kuwa kiwango cha IEEE mwaka 1990. Swichi hutumiana ujumbe mdogo kila baada ya sekunde mbili, hupatana ni ipi iwe shina, kisha hufunga njia za ziada hadi mtandao ubaki kama mti wenye matawi yasiyorudi kukutana. Juu ya itifaki hiyo, fundi huweka ulinzi kwenye poti za meza za watu. Hoja yake ni nyepesi: kwenye meza ya karani kunatarajiwa kompyuta, na kompyuta haitumi ujumbe wa Spanning Tree. Ujumbe huo ukionekana ukiingia kupitia poti ya karani, basi kuna swichi nyingine hapo, au ni ujumbe wa swichi yenyewe uliozunguka na kurudi. Poti hufungwa papo hapo.

Kwa hiyo fundi akikuta poti imefungwa kwa sababu hii, haanzi na kompyuta. Huinama chini ya meza na kuufuata kila waya kwa mkono hadi mwisho wake. Ni kazi ya magoti na tochi.

Penye swichi ndogo zisizo na ulinzi hakuna poti itakayojifunga. Jengo zima hukwama, na taa za swichi hupepesa zote kwa pamoja kwa kasi moja, kama zimepagawa. Hapo huchomolewa waya mmoja mmoja, kwa kusubiri kidogo kati ya mmoja na mwingine, hadi taa zitulie. Waya wa mwisho kuchomolewa ndio wa kufuatwa. Mwenye saiba akiijua mbinu hii hahitaji kumlipa mtu.

Yaliyoikuta hospitali ya Boston

Anayedhani huu ni wasiwasi wa mafundi na asikie yaliyotokea Marekani mnamo Novemba 2002. Beth Israel Deaconess ya Boston ilikuwa miongoni mwa hospitali zilizosifiwa kwa kutumia kompyuta. Mtandao wake ulikuwa umekua kwa miaka kwa kuunganisha kipande kwa kipande, hasa baada ya hospitali mbili kuungana mwaka 1996. Mnyororo wa swichi ukawa mrefu kuliko hatua saba, kiasi ambacho Spanning Tree ilipangiwa kukimudu. Mnamo Novemba 13 mzigo mkubwa wa data za utafiti ulipita, swichi zikashindwa kusikilizana kwa wakati, zikapotewa na ramani ya mti, na vitanzi vikafunguka.

Kwa takriban siku nne hospitali ilirudi kwenye karatasi. Vipimo vya maabara vilipelekwa kwa miguu. Baadhi ya madaktari vijana hawakuwa wamewahi kuandika agizo la dawa kwa mkono tangu waanze kazi, ikabidi wafundishwe na wazee wao. Cisco ilituma wahandisi na vifaa kwa ndege. Mkuu wa TEHAMA wa hospitali hiyo, daktari John Halamka, hakuificha habari hiyo bali aliieleza hadharani kwa wenzake wa hospitali nyingine. Ndiyo maana inafundishwa hadi leo.

Kwa kituo cha afya cha Kakamega, somo la karibu zaidi katika mkasa huo ni rejista ya karatasi. Kituo chenye rejista na fomu za karatasi kwenye droo hakisimami poti ikijifunga. Karani huandika kwa kalamu, kisha huingiza baadaye. Kituo kilichozitupa fomu zake kwa sababu "sasa tuko kidijitali" hufunga dirisha.

Mgeni asiyejulikana

Sababu ya pili ni ulinzi wa anwani. Kila kifaa cha mtandao hutoka kiwandani na anwani yake ya MAC, yenye herufi na tarakimu 12, ambayo nusu yake ya kwanza humtaja mtengenezaji. Fundi anaweza kuiambia swichi ikumbuke anwani ya kompyuta ya mapokezi na kukataa nyingine yoyote kwenye poti hiyo. Ulinzi huo ukiwashwa kwenye swichi za Cisco bila maelezo ya ziada, huruhusu anwani moja tu, na adhabu ya kuvunja sharti ni kufunga poti.

Basi kompyuta ya zamani inaharibika, kituo kinapewa nyingine, karani anaichomeka, na mtandao hauji. Kompyuta mpya inalaumiwa bure. Wakati mwingine simu ya mezani imewekwa kati ya ukuta na kompyuta, na sasa kuna anwani mbili mahali palipopangiwa moja. Suluhisho hapa ni la dakika tano: fundi anafuta anwani ya zamani au anaongeza idadi, kisha anafungua poti.

Lakini kuna njia ya mkato inayopendwa, nayo ni kuuzima ulinzi huo kabisa ili usumbufu uishe. Usumbufu huisha kweli. Kinachobaki ni soketi ya ukutani kwenye ukumbi wa wagonjwa ambayo yeyote mwenye kipakatalishi anaweza kuchomeka na kuingia ndani ya mtandao uleule wenye majina, magonjwa na nambari za vitambulisho vya wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa data nyeti, na anayeihifadhi ana wajibu wa kuilinda. Poti iliyojifunga kwa sababu ya mgeni imefanya kazi iliyowekewa. Kabla ya kuifungua, ni vyema kwanza kujua mgeni huyo alikuwa nani.

Waya mbovu, mvua na radi

Sababu ya tatu ndiyo inayoonekana mara nyingi zaidi katika majengo ya kawaida, na haina siri kubwa. Waya unashika na kuachia. Swichi huona kifaa kimekuja, kimeondoka, kimekuja, kimeondoka. Katika swichi za Cisco, kikibadilika mara tano ndani ya sekunde kumi, poti hufungwa ili isiisumbue swichi nzima.

Waya wa mtandao una nyaya nane ndani yake, jozi nne. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu. Kasi ya gigabiti moja hutumia zote nne. Ndiyo maana waya uliokatika uzi mmoja ndani unaweza kufanya kazi na kompyuta kuukuu, ukashindwa na mpya. Kompyuta ikionyesha kasi ya 100 mahali pa 1,000, waya ushukiwe kwanza.

Wabaya wengine wanajulikana: kiti chenye magurudumu kinachopita juu ya waya, kile kikucha cha plastiki cha kichwa cha waya kilichovunjika hadi waya hauketi vizuri tunduni, na panya wa darini. Waya wa shaba wa kawaida haupaswi kuzidi mita 100 kutoka swichi hadi kifaa, na kuna majengo ambako umevutwa hadi jengo la pili kwa sababu roli ilikuwa bado haijaisha. Wanunuzi wa shule na vyuo nao wajihadhari na nyaya za bei ya chini mno. Nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Ukikwangua uzi kwa kisu na chini ukaona weupe, si shaba tupu. Uzi huo hukatika upesi ukikunjwa, na hupata joto ukibebeshwa umeme.

Kuhusu radi, Kakamega haina budi kujifunza zaidi ya kaunti nyingine nyingi. Eneo la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na sehemu za kaunti hii hupata mvua inayofikia milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi ikinyesha alasiri pamoja na ngurumo. Radi haihitaji kulipiga jengo. Ikipiga karibu, waya wa shaba uliopita nje kati ya majengo mawili huvuta nguvu ya ghafla na kuipeleka ndani ya swichi. Poti iliyoungua kabisa hutofautiana na iliyojifunga: haitoi sababu yoyote na haiwaki hata kwa waya mzima. Ya kutatanisha ni ile iliyojeruhiwa nusu, inayofanya kazi asubuhi na kuanza kushika na kuachia swichi inapopata joto mchana. Hiyo haitengenezeki kwa amri. Iwekewe kibandiko cha kutotumika, na waya uhamishiwe kwenye poti nyingine baada ya fundi kuipanga.

Kati ya jengo na jengo, kinachofaa ni faiba isiyo na chuma ndani, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme. Bei yake hukwaza wakati wa kununua. Swichi ya poti 24 iliyoungua Aprili hugharimu zaidi.

Umeme unaopita kwenye waya

Kamera, simu za mezani na antena za waifai mara nyingi hupata umeme kupitia waya uleule wa mtandao. Kiwango cha 2003 huruhusu poti kutoa hadi wati 15.4, na kile cha 2009 hadi wati 30. Swichi nayo ina kikomo cha jumla. Yenye uwezo wa wati 370 haiwezi kulisha vifaa 24 vya wati 30, maana vingehitaji wati 720. Kifaa kikivuta zaidi ya kilichopangiwa, au maji yakiingia kwenye kiungo cha kamera iliyo nje ya ukuta, swichi hukata umeme na yaweza kuifunga poti. Poti inayojifunga kila mvua inaponyesha, kisha inakubali jua likiwaka, imeshasema tatizo liko wapi.

Fundi aanzie wapi

Aanze kwa kuiuliza swichi. Kwenye swichi za Cisco, amri ya show interfaces status err-disabled hutaja kila poti iliyojifunga pamoja na sababu yake. Kumbukumbu za swichi, zinazosomwa kwa show logging, hutoa saa ya tukio. Saa hiyo ina thamani kubwa. Ikiwa poti hufungwa saa mbili na robo asubuhi kila siku, basi kuna mtu anayefika saa mbili na robo na kuchomeka kitu.

Baada ya hapo abadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Waya mpya kwanza, kwa kuwa ndio wa bei ndogo. Kisha kompyuta nyingine ambayo ruhusa yake imepangwa. Kisha poti nyingine. Tatizo likihama na waya, waya ndio mbovu. Likibaki kwenye poti hata baada ya waya na kompyuta kubadilishwa, swichi ichunguzwe. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja huenda akafaulu, lakini hatajua alichorekebisha.

Chanzo kikishaondolewa ndipo poti hufunguliwa, kwa amri ya shutdown ikifuatwa na no shutdown. Kisha fundi akae. Dakika kumi za kuitazama poti iliyofunguliwa ni bora kuliko safari ya pili kutoka mjini hadi Likuyani.

Kuna fumbo moja linalowachanganya hata wazoefu. Mtandao unakufa, baada ya dakika tano unarudi wenyewe, unakaa sekunde chache, unakufa tena, na mchezo huo unaendelea mchana kutwa. Karani huona intaneti mbaya. Ukweli ni kwamba swichi imepewa ruhusa ya kuzifungua poti zenyewe baada ya muda, na muda wa kawaida wa Cisco ni sekunde 300. Poti inafunguliwa, inakikuta chanzo kilekile, inajifunga. Amri ya show errdisable recovery huonyesha ruhusa hiyo imewashwa kwa sababu zipi. Kwa waya unaoshika na kuachia, ruhusa hiyo inasaidia kituo kilicho mbali na fundi. Kwa kitanzi na kwa mgeni asiyejulikana, hakuna sababu nzuri ya kuiwasha, kwa kuwa kila dakika tano mlango unafunguliwa kwa kitu kilekile kilichofanya ufungwe.

Asiye fundi afanye nini

Kwanza, asiizime swichi. Ushauri wa "zima, uwashe tena" unafaa kwa redio. Swichi ikizimwa, poti zote hufunguka upya na tatizo huonekana limekwisha, lakini kumbukumbu zilizohifadhiwa ndani yake hufutika, na kila aliyekuwa akifanya kazi hukatiwa. Fundi akifika hana cha kusoma.

Pili, asiuhamishe waya kwenda kwenye poti ya jirani. Kama kuna kitanzi, amekihamisha. Kama ni ulinzi wa anwani, huenda sasa zimefungwa poti mbili, na mwenzake wa maabara naye yuko gizani.

Anachoweza kufanya bila hofu ni kuangalia kama waya umeketi hadi ulie tik, kuchomoa kifaa chochote kilichoongezwa siku hiyo, na kuandika. Daftari la kawaida la mistari linatosha, lifungwe kwa kamba kwenye kabati la vifaa. Ripoti ya "mtandao umeanguka" humlazimu fundi aje kwanza ndipo ajue abebe nini. Mkuu wa kituo anayempigia afisa wa TEHAMA na kusoma maneno kama haya humwokolea safari moja: "Kompyuta ya duka la dawa, soketi nambari 7, imekatika saa nne na dakika ishirini. Taa ya poti 7 kwenye swichi ni ya chungwa. Kompyuta nyingine zote zinafanya kazi. Jana jioni kulinyesha na ngurumo. Leo asubuhi printa ilihamishwa kutoka mapokezi."

Maneno hayo huwezekana tu kama soketi za ukutani zina nambari, na nambari hizo zinalingana na zilizo kwenye kabati. Majengo mengi hayana. Kalamu ya wino usiofutika na karatasi ya kubandika hupatikana katika duka lolote la vifaa vya ofisi mjini, na kwa jengo la vyumba kumi kazi yenyewe ni ya alasiri moja kwa watu wawili, mmoja akichomoa upande wa chumba na mwenzake akitazama ni taa gani imezimika.

Kazi hiyo ifanywe baada ya wagonjwa kuondoka.